Nondo Isiyoshika Kutu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la sayansi ambalo ndugu zangu wa vidato vya chini wataweza kulifahamu, na ambalo wazazi wetu, wakisomewa nyumbani, wataona lina faida. Nimechagua kuandika juu ya nondo, yaani vile vyuma vinavyotiwa ndani ya zege, na juu ya nondo za namna nyingine zisizokuwa za chuma, bali hufanywa kwa nyuzi za kioo. Huenda wengine mkacheka na kusema, "Kioo tena! Kioo si huvunjika?" Nami mwanzo nilicheka hivyo hivyo. Nawaomba mnistahimilie mpaka mwisho.

Kwanza yafaa niseme kwa nini nimechagua jambo hili. Kwetu ni Kendwa, katika Wilaya ya Kaskazini A, na nyumba yetu iko mwendo mfupi tu kutoka pwani. Kando ya nyumba lipo birika la kukingia maji ya mvua, na birika hilo lilifunikwa kwa jamvi la zege. Jamvi hilo lilimwagwa mwaka 2009, nami nikiwa mtoto wa kubebwa. Juu yake Bibi hukaa jioni akisuka ukili, na sisi watoto hapo ndipo tulipojifunzia kuhesabu kwa kokoto.

Katika likizo ya Juni iliyopita, siku moja baada ya sala ya Alasiri, tulisikia kishindo. Tulipotoka nje tuliona tundu katikati ya jamvi, na kipande cha zege kikubwa kama sinia kimekwenda chini majini. Mdogo wangu wa miaka sita alikuwa ameketi papo hapo muda mchache kabla, na Mama alikuwa amemwita aje achukue bakuli lake la uji. Bibi alisema, "Mungu kamwepusha," kisha akakaa chini asiweze kusema neno jingine.

Baba alishuka birikani kwa kamba, mimi nikimshikia taa. Alipapasa nondo zilizokuwa zikining'inia, na moja aliivunja kwa vidole kama mtu avunjavyo kijiti. Nondo ile ilitiwa ikiwa nene kama kidole cha mwisho, sasa mahali pengine imebaki kama sindano ya kushonea makuti. Baba alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mchanga wa zege hili niliuchota mwenyewe pwani kwa gari la ng'ombe. Niliona ni bure." Ndipo nilipofahamu kwa macho yangu maana ya methali isemayo: kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa jamvi lile hakutoka nje. Tulimtia sisi wenyewe ndani yake.

Basi sasa tuingie katika somo lenyewe.

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Likikauka huwa kama jiwe, nalo lina tabia ya jiwe: ukiligandamiza ni gumu mno, lakini ukilivuta ni dhaifu. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yake ya kugandamizwa. Mtaweza kulijaribu jambo hili darasani. Twaeni kipande cha chaki, mkisimamishe mezani na kukikandamiza kwa kidole, hakivunjiki upesi. Kisha mkishike ncha mbili na kukipinda kidogo. Hukatika mara moja, na mpasuko huanzia upande ule unaovutwa.

Jamvi lililolala juu ya kuta mbili hupindika kidogo kwa uzito, ijapokuwa macho hayaoni. Upande wa juu hugandamizwa, na upande wa chini huvutwa. Kwa hivyo mafundi hutia nondo upande wa chini, ili zege libebe mgandamizo na nondo ibebe mvuto. Ni mfano wa mume na mke wanaogawana kazi za nyumba: kila mmoja hufanya aliwezalo.

Wazee wetu waliijua hoja hii kabla ya kuja nondo. Katika nyumba za Mji Mkongwe, dari huwekwa juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ndiyo inayobeba mvuto. Na kwa kuwa boriti nzuri ya mkoko haizidi sana urefu wa mita tatu, vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba. Mtu akiingia katika nyumba ya kale ya mjini aweza kupima chumba kwa hatua, akajua urefu wa mti uliokatwa.

Baadaye chuma kilikuja. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said pale Forodhani, lilitiwa nguzo za chuma cha kusubu na boriti za chuma, na ndiyo sababu kumbi zake ziliweza kuwa pana kuliko za nyumba nyingine. Jengo hilo lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896 na likasimama. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wawili wakafa. Mimi si mhandisi, wala si kazi yangu kuhukumu sababu za msiba ule. Ninalotaka mlikumbuke ni hili tu: jengo lililo karibu na bahari haliachwi likajitunza lenyewe, hata likiwa kubwa namna gani.

Sasa natuulize: chuma kikiwa ndani ya zege, kimefunikwa pande zote, kutu inakifikiaje?

Zege jipya ni kali kama magadi. Ukali huo hukifanyia chuma utando mwembamba sana usioonekana, na utando huo ndio unaokilinda. Maadamu utando upo, chuma chaweza kukaa miaka mingi bila ya kutu. Lakini una adui wawili. Wa kwanza ni hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo huingia polepole katika vitundu vya zege na kupunguza ukali wake. Wa pili, na kwetu sisi wa pwani huyu ndiye mkubwa, ni chumvi. Katika kila lita ya maji ya bahari mna chumvi kiasi cha gramu 35, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni kloraidi. Kloraidi ikikifikia chuma huutoboa ule utando, na hapo unyevu na oksijeni hufanya kazi yao.

Kutu ikianza, haikai mahali padogo. Chuma kikigeuka kutu hujaza nafasi mara mbili mpaka mara sita ya nafasi yake ya kwanza. Zege halina pa kwenda, basi hupasuka kutoka ndani. Kwanza utaona mstari mwembamba unaofuata njia ya nondo, halafu doa la rangi ya udongo mwekundu, na mwisho kipande huanguka. Jamvi letu lilikuwa na mstari huo kwa miaka miwili. Tuliupaka chokaa kila Idi, tukadhani tumelipamba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kuwa ufa wa namna hii hata ukiuziba kwa juu tu, ndani unaendelea.

Niliporudi skuli nilimsimulia Maalim wetu wa fizikia habari hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua sanduku lake akatoa kipande cha fimbo chenye rangi ya manjano, kikiwa kimekwaruzwa kama kilichopakwa mchanga. Akaniambia, "Hii ni nondo ya faiba. Ipime, kisha uniambie."

Neno faiba si geni kwetu. Baba huvulia boti ya faiba, na watu wote wa Kendwa na Nungwi wanajua kuwa boti ya namna hiyo haiozi wala hailiwi na fukusi. Nondo hii hufanywa kwa vitu vile vile: nyuzi nyembamba mno za kioo na rezini, ile gundi inayokauka ikawa ngumu. Kiwandani nyuzi elfu nyingi huvutwa kwa pamoja, zikapitishwa katika rezini, halafu zikapitishwa katika kalibu yenye moto, na zikitokea upande wa pili zimekuwa fimbo ngumu. Juu yake hupakwa mchanga au huzungushiwa uzi, ili zege lipate kuishika. Ziko pia nondo za nyuzi za kaboni, ambazo zina nguvu zaidi na ghali zaidi, na ziko za nyuzi za jiwe la basalti lililoyeyushwa.

Kwa nini kioo kinachovunjika kiwe na nguvu kikiwa uzi? Watazameni mama zetu wafanyao kamba. Wao hufukia makumbi ya nazi pwani kwa miezi, wakayafukua na kuyaponda mpaka wapate usumba. Unywele mmoja wa usumba mtoto aweza kuukata. Lakini ukisokotwa na wenzake elfu huvuta boti mpaka mchangani. Uzi mmoja ukiwa na kasoro, hukatika peke yake, na wengine huendelea kubeba. Katika faiba ni hivyo hivyo, na rezini ndiyo inayozifanya nyuzi zishirikiane mzigo.

Basi mimi na wenzangu watatu wa dahalia tulifanya majaribio matatu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la uzito. Tulikata kipande cha chuma cha milimita 12 chenye urefu wa sentimita 30, sawa na kile cha faiba. Chuma kilikuwa na uzito wa gramu 265 hivi, na faiba gramu 70 hivi. Yaani faiba ni kama robo ya chuma. Kibarua mmoja aweza kubeba begani mzigo wa nondo ambao kwa chuma ungehitaji watu wanne.

Jaribio la pili lilikuwa la kupinda. Tulivibana vyote viwili katika jiliwa, mmoja baada ya mwingine. Chuma kilipinda kikabaki kimepinda. Faiba ilipinda, na tulipoiachia ikarudi kama upinde wa mshale, imenyooka kama kwanza.

Jaribio la tatu lilikuwa la kutu. Tulichota maji ya bahari Forodhani, tukaviweka vipande hivyo katika mitungi miwili ya kioo kwa wiki sita. Maji ya mtungi wa chuma yaligeuka kama chai ya rangi, na ya faiba yalibaki vile vile. Tulifurahi sana, tukamwendea Maalim na kumwambia kuwa jibu tumelipata: majumba yote ya pwani yajengwe kwa faiba.

Maalim hakufurahi kama sisi. Alituuliza, "Nondo hii itakaa katika maji ya bahari au itakaa ndani ya zege?" Tukasema, "Ndani ya zege." Akasema, "Basi mbona hamkuijaribu na zege?" Tukaona haya, kwani hatukuliwaza jambo hilo. Ule ukali wa zege unaokilinda chuma ndio unaokila kioo. Nyuzi za kioo zikiachwa wazi katika zege hudhoofika. Rezini ndiyo ngao yake, na ndiyo sababu viwanda vizuri hutumia kioo maalumu na rezini ya vinili esta inayostahimili ukali huo. Nondo iliyofanywa kwa rezini hafifu yaweza kuwa na sura nzuri dukani, na ndani ya zege ikawa mgonjwa.

Kisha Maalim alitupa hesabu hii, nami nawapeni nyinyi muifanye. Tundika nondo moja ya milimita 12 yenye urefu wa mita 3, na chini yake uning'inize mifuko 40 ya saruji ya kilo 50. Huo ni mzigo wa tani 2, yaani karibu nyutoni 20,000. Eneo la mkato wa nondo ni milimita za mraba 113. Ukigawanya utapata nyutoni 177 kwa kila milimita ya mraba. Ukakamavu wa chuma ni nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba, kwa hivyo nondo ya chuma itarefuka milimita 2.7 hivi. Ukakamavu wa faiba ya kioo ni kama 50,000, kwa hivyo itarefuka milimita 10.6 hivi, yaani mara nne. Nondo haitakatika, lakini jamvi litalegea na kufanya nyufa pana zaidi. Ndiyo maana mtu hawezi kutoa nondo za chuma katika mchoro na kutia za faiba kwa idadi ile ile, kama mtu abadilishaye vifungo vya shati. Ni lazima mhandisi afanye hesabu upya, na mara nyingi ataongeza nondo au unene wa jamvi, kwa ajili ya ukakamavu na si kwa ajili ya nguvu.

Hitilafu nyingine za faiba nitazitaja moja moja, ili msije mkasema nimeficha.

Kwanza, chuma kikizidiwa hulegea na kurefuka kabla ya kukatika, na huko kulegea kwake ni onyo kwa wakaao chini. Faiba hailegei. Huvutika, huvutika, kisha hukatika ghafla. Mhandisi hana budi kuacha akiba kubwa zaidi.

Pili, ikibebeshwa mzigo mkubwa wakati wote, faiba huchoka. Kanuni za wahandisi wa Marekani zilizotolewa mwaka 2022 haziruhusu mzigo wa kudumu uvuke asilimia 30 ya nguvu ambayo mhandisi huihesabu kuwa ya kukatikia.

Tatu, haipindiki kazini. Fundi wa chuma hupinda ringi na ndoano kwa mikono yake mahali pa kazi. Ringi za faiba lazima ziagizwe zikiwa zimepindwa kiwandani, nazo hupungua nguvu pale kwenye pindo.

Nne, moto. Rezini hulainika katika joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 za sentigredi, na hapo nondo hupoteza mshiko wake na zege. Kwa ukuta wa bahari au gati hilo si neno. Kwa dari ya jiko au ya dahalia wanamolala watu ni neno kubwa.

Tano, ni nyepesi kuliko zege bichi. Fundi asiyejua akizimwagia zege na kulitikisa, nondo huelea zikapanda juu, zikaacha upande wa chini mtupu. Lazima zifungwe barabara. Na mwenye kuzikata afunge pua na mdomo, kwani vumbi lake ni vumbi la kioo. Wala zisiachwe juani muda mrefu.

Mkisikia hayo mtauliza, je, iko nchi iliyozitumia na ikaona manufaa? Zipo nyingi. Ujerumani, katika mji wa Düsseldorf, lilifunguliwa mwaka 1986 daraja la magari lililovutwa kwa nyaya za nyuzi za kioo. Uswisi, mwaka 1991, daraja la Ibach karibu na Lucerne liliumia baada ya mafundi wa taa za barabarani kutoboa kwa bahati mbaya waya wake wa ndani. Lilitibiwa kwa kugandishwa mikanda ya nyuzi za kaboni yenye uzito wa kilo 6.2 tu, mahali ambapo chuma kingehitajika kilo 175. Kanada, gati la Hall's Harbour, lililo pwani yenye maji kujaa na kupwa kwingi, lilijengwa upya mwaka 1999 kwa nondo za faiba. Baada ya miaka michache wataalamu walikata vipande katika gati hilo na katika madaraja mengine manne yaliyokuwa na umri wa miaka mitano hadi minane, wakazitazama nyuzi kwa hadubini, wasione kuwa zimeliwa na ukali wa zege. Na karibu na kwetu zaidi, Jizan, katika pwani ya Saudi Arabia ya Bahari ya Sham, umejengwa mfereji wa kuzuia mafuriko wenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, na nondo zake ni za faiba, kwa sababu ardhi ya huko ina chumvi nyingi.

Nilipomaliza kujifunza hayo nilirudi Kendwa mwishoni mwa wiki nikiwa na daftari langu. Baba alikuwa ameketi na fundi mzee aliyejenga nyumba nyingi za kijiji chetu. Niliwaamkia, nikaketi. Baba akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Birika tulifunike kwa nini?"

Nikaeleza yote. Fundi alinisikiliza, akaishika ile nondo ya manjano, akaigonga kwa kucha, akasema, "Kitu kizuri. Lakini nijibu mambo matatu. Nani atanifanyia hesabu yake? Nani atanipindia ringi zake? Na ukinunua moja ya hovyo, nitaijuaje?" Sikuwa na jibu la kutosha. Nilimwambia kweli kuwa sijui. Fundi akasema, "Hapo umesema vyema. Mimi chuma nimekizoea, lakini nacho kimenidanganya, kwani nilikuwa nikikifunika kwa zege jembamba na mchanga wa pwani. Basi kosa lilikuwa langu, si la chuma."

Tukakubaliana tuanze na mchanga. Nilichukua kidogo wa pwani na kidogo wa shimo la mbali na bahari, nikaenda navyo skuli. Katika maabara tulivitia kila kimoja katika maji safi yaliyotoneshwa, tukavichuja, tukadondosha nitreti ya fedha. Maji ya mchanga wa pwani yaligeuka meupe kama tui mara moja. Ndiyo alama ya kloraidi. Ya mchanga wa shimo yalibadilika kidogo sana. Baba nilipomwonesha vichupa viwili alivitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Tui hili ndilo lililomla mwanangu karibu."

Mhandisi mmoja, rafiki wa Maalim, alitufanyia hesabu bila ya malipo. Kwa kazi ndogo kama ile alishauri chuma, lakini chuma kilichotunzwa. Badala ya jamvi moja kubwa tulimwaga vibao vinane vya zege, kila kimoja urefu wa mita 2, upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita 12. Nondo zilifunikwa kwa zege la milimita 50 upande wa chini, juu ya vipande vidogo vya zege ili zisilale sakafuni. Maji yalipimwa kwa ndoo, wala hakuna aliyeruhusiwa kuongeza ili zege liwe laini. Tulilishindilia vizuri, tukalifunika kwa magunia na kulimwagia maji kwa siku 14. Vijana wanane wa kijijini waliinua kila kibao na kukipanga. Kila mwaka twaweza kukiinua kimoja na kukitazama chini yake kabla hakijatuangukia.

Labda msomaji atasema, "Kumbe faiba haikutumika! Somo lote la nini?" Ninajibu kuwa nimejifunza kitu kikubwa kuliko jina la nondo mpya. Nimejifunza kwamba dawa si dawa mpaka ujue ugonjwa, na kwamba kitu kigeni na kitu cha zamani vyote viwili vyataka hesabu ya kweli na mikono mwaminifu. Naamini siku itafika ambapo kuta za bahari, magati na misingi ya mahoteli ya Kendwa, Nungwi na Paje itajengwa kwa nondo za faiba, na naomba siku hiyo wawe wahandisi wetu wenyewe watakaofanya hesabu, wala tusiwe watu wa kubeba karai tu.

Na faiba haikuachwa bure. Tulimwaga vijitofali viwili, kimoja chenye kile kipande cha chuma na kimoja chenye kile cha faiba, na kwa kusudi tukavifunika kwa zege la sentimita moja tu. Tumevifunga kwa kamba ya usumba katika miamba ya pwani ya Kendwa, mahali ambapo maji hupanda na kushuka kila siku. Kimoja tumekiandika C, kingine F. Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka baada ya mtihani, na nondo haifanyi kazi kwa muhula mmoja. Kwa hivyo daftari la vijitofali hivyo nimelikabidhi kwa Chama cha Sayansi cha skuli yetu. Nawaomba ndugu zangu wa Kidato cha Pili wafike Kendwa kila mwaka wakati wa bamvua la maji kupwa, watafute ufa, waupime, waandike tarehe. Nyumba yetu wataijua kwa birika lenye vibao vinane. Bibi amerudi kukaa juu yake, na amesema atawapa madafu.